Mstari wa Kutosadiki

Kidani kiliuliza, mtoto akajibu, kidani kikafunga. Ndivyo ilivyokuwa, na ukitafuta nani alikosea pale humpati.

"Hujambo, Ikupa?" kilisema kidani, kile walichopewa zahanati cha kumchunga pumu, kutoka kifuani kwake, kwa ile sauti ya shangazi asiye na haraka.

"Sijambo," akajibu Ikupa, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata kama umebebwa mgongoni. Ukishamaliza salamu ndipo unaeleza yako. Ikupa naye akavuta pumzi aeleze yake. "Ila kifua..."

Taa ya kidani ilikuwa imeshazimika.

Mama yake, Subilaga, alikuwa nje anaanua nguo, maana ukungu ulikuwa unashuka kwa kasi kutoka mlimani, na huku Tukuyu ukichelewa na nguo unazianua zimelowa kuliko ulivyozianika. Akasikia sufuria inaanguka. Alipoingia alimkuta binti amepiga magoti kando ya meza, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika kama mtu aliyetoka kula zambarau. Kidani kinaning'inia kimya kama pambo la harusi.

"Kiambie unaumwa! Ikupa, kiambie!"

Ikupa akatikisa kichwa. Angekiambia kwa pumzi ipi?

Subilaga akambeba mgongoni, mtoto wa darasa la sita, miguu inaburutika kwenye matope, akaanza kuteremka kwenda zahanati. Njiani akapishana na wazee wawili waliokuwa wanatoka kwenye kituo cha kupimia chai. "Hamjambo huko?" mmoja akamwita.

"Hatujambo!" Subilaga akajibu huku anakimbia. Alijisikia mwenyewe akisema hivyo, akazidisha mbio.

*

Pale zahanati mtoto aliwekewa hewa ya mtungi, akatulia, akalala. Ndipo Nesi Enea, mwanamke mnene mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu ajira yake ianze, akawasha ukuta na kumwonyesha Subilaga mistari ambayo mama huyo aliiandika mwenyewe siku walipopewa kidani.

WEKA jambo = jibu.
KAMA jambo = hamna BASI funga.
VINGINEVYO toa dawa. Ita nesi.

"Hii si ndiyo mliyotufundisha?" Subilaga akauliza.

"Ndiyo hii hii. Haina kosa."

Lugha yenyewe inaitwa Neno. Akina mama wote wa kata walifundishwa pale ukumbini, vibao vya kuandikia mapajani, na wengi wao elimu yao ni ya shule ya msingi na waliiweza. Neno ni lugha ndogo makusudi. Amri moja inakaa mstari mmoja, na amri inaisha kwa nukta; ukisahau nukta mashine inabaki inakungoja mdomo wazi. Mashine inasoma kutoka juu kwenda chini, hairuki wala haibahatishi. Kitu unachotaka ikikumbuke unakitilia kwenye kibuyu, na kila kibuyu kina jina lake. WEKA ni kumimina. Ukimimina kingine, cha kwanza kimemwagika, usikitafute. KAMA haiendi bila BASI. VINGINEVYO ukitaka unaiandika, usipotaka unaiacha. RUDIA lazima iwe na MPAKA, la sivyo mashine itarudia kitu kile kile hadi ichakae. Siku ile ya somo, Mama Tusekile, jirani yake Subilaga, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, RUDIA isiyo na MPAKA sisi tunaijua, inaitwa ndoa." Ukumbi mzima ulicheka hadi mwalimu akakaa chini.

Sasa hakuna aliyecheka.

"Tatizo ni salamu," Nesi Enea akasema. "Mtoto kasema sijambo. Neno limekata vipande viwili: si, jambo. Maana yake jambo hamna. Kibuyu cha jambo kikatiliwa hamna. Kushuka mstari wa pili, jambo ni hamna, basi funga. Kikafunga. Alichosema baada ya hapo hakikuwa na wa kukisikia."

"Kwani nyie hamkujua watu tunasalimiana?"

"Waliotengeneza walijua, Mama Ikupa. Waliona wakitumia maneno ya salamu mtoto hataogopa."

"Sasa nimfundishe asisalimie?"

"Wapo waliowafundisha watoto wajibu moja kwa moja, nina jambo."

"Mbele ya mtu mzima?"

"Mbele ya mashine."

"Mtoto hana adabu mafungu mawili, moja ya watu na moja ya mashine," Subilaga akasema. "Akiizoea moja ndiyo hiyo hiyo." Akamtazama binti yake pale kitandani. "Na hicho kidani hakina macho? Hakikuona midomo?"

Nesi Enea akagusa ukuta, ukaonekana mchoro wa pumzi za Ikupa za asubuhi ile, unapanda, unashuka, unakatikakatika. "Kiliona. Kilikuwa kinajua kabla yako. Lakini kuna Sheria ya Kauli, unaijua. Kauli ya mtu kwanza, kipimo baadaye."

Aliijua. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wale waliobeba vigoda vyao wakaenda kukaa katikati ya barabara ya lami, enzi zile mashine zilipokuwa zinapima na kuamua zenyewe. Mtu analia msibani, mashine inaona moyo unakwenda mbio, inamchoma sindano ya usingizi, anazinduka watu wameshazika. Ndipo watu wakasema, basi. Binadamu akisema sijambo, mashine ikae mbali. Subilaga alikua akijivunia kile kigoda.

"Kuna mstari mmoja," Nesi Enea akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mzazi peke yake ndiye anayeruhusiwa kumwandikia mtoto wake. Unakaa juu ya yote."

Akauandika ukutani ausome.

KAMA kauli BASI usisadiki.

"Ukiuweka huu, kidani hakitamsikiliza tena. Kitafuata kifua. Leo kingempa dawa kabla sufuria haijaanguka."

"Ubaya wake?"

"Kibuyu cha kauli, kile cha kila analosema mtoto, kipo kimoja tu, na mashine zote za mjini husoma kidani kwanza kabla ya kuzungumza na mtoto. Ukikiziba, umekiziba kote. Wengi wameuandika. Watoto wao wako hai."

Subilaga alisikia. Lakini macho yake yalikuwa kwenye midomo ya Ikupa, inayoanza kurudia rangi yake taratibu mno, na mtu anayetazama kitu kama kile hasikii vizuri. Wewe mzazi unayesoma, usiandike mstari wa namna hii huku mkono bado unatetemeka. Nenda nyumbani kwanza. Kunywa chai. Lakini nani atakwambia hivyo saa ile?

Akaandika.

"Nukta, mama," Nesi Enea akamkumbusha.

Akaweka nukta.

*

"Umefanya la maana," Mama Tusekile akamwambia. Walikuwa wamekaa kibarazani kwake wanamenya viazi, mvua inanyesha bila kuchoka. "Wangu nilimwandikia tangu mwaka juzi. Hajakohoa hata ile ya kukwamwa na mwiba wa samaki."

"Na kuongea?"

"Kuongea nini?"

"Anaongea?"

Mama Tusekile akacheka. "Ana nini cha kuongea huyo? Mtoto mkimya ni raha tupu, shoga. Wewe subiri, utanishukuru."

Tusekile mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi anachambua maharage. Subilaga akamsalimia, hujambo binti, mtoto akainua uso kidogo, akamtazama mama yake kama anayesubiri mama ndiye ajibu, akarudi kwenye maharage. Mama Tusekile akajibu kwa niaba yake, "Hajambo huyo," na kisu hakikusimama.

Subilaga aliona. Akasema moyoni kila mtoto na tabia yake.

Wiki ile ile akaitwa shuleni. Mlango wa shule ulimsalimia Ikupa kama unavyowasalimia wote, Ikupa akajibu, mlango ukasema, watoto wote wanasikia, "Kauli ya mtoto huyu haisadikiwi. Mlete mzazi." Ikabidi Subilaga aache chai shambani aje aseme ndiyo, huyu ni Ikupa, ndiyo, amekuja kusoma. Kesho yake tena. Darasani, kwenye hesabu za kinywa, ubao uliuliza, Ikupa akajibu, jibu sahihi kabisa, ubao ukabaki mweupe. Mwalimu Lusekelo akaingilia kati, "Amepata jamani, nimesikia kwa masikio yangu," lakini ubao haukumpa alama, maana ubao haukuwa umesikia kitu.

Halafu ikaja ile ya kamba. Wasichana walikuwa wanaruka kamba uwanjani wakati wa mapumziko, jua limetoka kidogo, wanacheka. Kidani kikaona pumzi zinakwenda haraka, kikampa dawa, ile inayolaza.

"Nilikuwa nacheka, mama," Ikupa akasema jioni. Ulimi wake ulikuwa bado mzito kwa dawa, na gotini ana mchubuko wa pale alipoangukia.

"Najua mwanangu."

"Unajuaje? Ulikuwepo?"

"Kidani kimesema kifua kilikuwa..."

"Umeona?" Ikupa akakaa wima. "Hata wewe unakiuliza chenyewe. Nilikiambia niache, nacheka. Nimekiambia mara ngapi! Wote wamesikia nakiambia niache, niache, halafu nikalala mbele ya watu kama kuku."

"Bora ulale kuliko ufe."

Subilaga akajua neno lile lilikuwa la kweli na bado halikutakiwa kusemwa.

Asubuhi iliyofuata Ikupa akatoka chumbani akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Hakusema shikamoo. Subilaga akangoja, halafu akaanza yeye, jambo ambalo si la kawaida katika nyumba ile.

"Hujambo, mwanangu?"

"Kiulize," Ikupa akasema, akanyoosha kidole kifuani.

Toka siku ile akaacha kusema. Hakuwa na hasira. Ungeona hasira ungejua kuna moto. Aliacha tu kama mtu anavyoacha kubonyeza swichi ambayo haiwashi taa. Ukimuuliza anataka ndizi au viazi anakaa mpaka uchague. Ukimuuliza amechoka, anageuza kifua kukuelekea ili kidani kijibu. Na kidani kilijibu vizuri sana. Kilijua joto lake, mapigo yake, alivyolala, na Subilaga akawa anasimama jikoni anazungumza na pambo, mtoto yupo pale pale, kati yao.

Afya yake ilikuwa nzuri. Hilo nalo tuliseme. Hakukohoa.

*

"Nataka kuuweka ule mstari kati," Subilaga akamwambia Nesi Enea. "Kwenye kifua asisadikiwe, kwingine kote asadikiwe."

"Neno halina hiyo. Ungehitaji vibuyu viwili vya kauli, navyo havipo. Lugha za wakubwa wa hospitali zinayo, lakini hizo huziandiki kibarazani."

"Basi kisubiri. Akisema sijambo kisifunge papo hapo. Kikae kimya kidogo kama mgeni anavyokaa, mpaka mwenye nyumba aseme yake."

Nesi Enea akafikiri, akamsogezea kibao. "Andika."

Subilaga akaandika.

RUDIA subiri MPAKA

Akasimama. Kialama kikawa kinapepesa mbele ya MPAKA.

"Mpaka nini?" Nesi Enea akauliza.

"Mpaka aseme lililomo moyoni."

"Hicho hakipimiki."

"Mpaka aseme kweli."

"Kitajuaje?"

"Mpaka..." Subilaga akakitazama kile kialama. Yeye mwenyewe, akikaa na mgeni, anajuaje kwamba sasa ameshasema? Kuna namna mtu anavyoshusha mabega. Kuna namna anavyopokea kikombe. Hakuna hata moja aliyoweza kuiandika ikaisha kwa nukta. Akafuta.

"Mama Ikupa, nikwambie kama dada yako," Nesi Enea akasema, na kwa kweli alionekana amechoka kuliko yeye. "Mimi nimeshafunika watoto shuka usoni. Tangu mstari huu uje, sijafunika hata mmoja wa walio nao. Wanakuja hapa hawasemi, nawaona, sina upofu. Lakini wanakuja kwa miguu yao. Ukifuta, na akasema sijambo siku mbaya, sheria haitamgusa mtu. Itaandikwa kwamba ilikuwa kauli yake."

"Mimi itanigusa."

"Ndiyo. Wewe itakugusa."

Nje mtu alikuwa anafagia maji ya mvua. Subilaga akaaga, akaondoka na kibao chini ya khanga kisilowe.

*

Alimkuta Ikupa amekaa kitandani anasuka nywele zake mwenyewe, vibaya, kwa sababu kumwomba mtu ni kusema. Subilaga akakaa nyuma yake, akazifumua, akaanza upya. Hakuuliza kama anataka. Baadaye akasema, akiwa bado nyuma, maana ni rahisi zaidi kusema na kisogo.

"Nikiufuta ule mstari, ukisema sijambo kitafunga. Hata kama unakata roho. Unaelewa?"

Akatenga fungu jingine la nywele.

"Mlango utakusikia. Ubao utakusikia. Ukisema niache utaachwa. Lakini siku kifua kikibana na wewe ukaona haya, au ukataka kucheza, au ukanionea huruma mimi ukasema sijambo, hakuna atakayekuja. Mimi niko shambani. Hakuna."

Akakosea mstari wa nywele, akafumua tena.

"Ikupa. Utakuwa unaniambia?"

Subilaga alikuwa ameshasuka nusu ya upande alipojibiwa.

"Sijui," Ikupa akasema. Sauti ilikuwa imekwaruza kama mlango uliofungwa msimu mzima. "Pengine sitakwambia kila mara."

Ungemtaka aseme ndiyo, mama, nitakwambia. Subilaga naye alitaka hivyo, alitaka sana. Lakini alijua kwamba hilo, hilo la sijui, ndilo neno la kwanza alilosikia kutoka kwa mtoto wake tangu asubuhi ile ya ndoo, na kwamba mtoto anayetaka kukudanganya hasemi sijui. Angekuwa na kidani shingoni mwake yeye mwenyewe, kingeona moyo ule na kumlaza usingizi.

Akavuta kibao. Akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Nifute?"

"Futa."

Akafuta. Kibao kikauliza kama ana hakika. Hakuwa na hakika hata kidogo. Akajibu ndiyo, na kibao, kwa kuwa kauli yake ilikuwa inasadikiwa, kikakubali.

*

Ukungu ulikaa siku kadhaa bila kuinuka. Asubuhi moja Subilaga alikuwa ameshavaa buti za shamba na koti la mvua, kapu la chai mgongoni, mkono kwenye komeo la mlango.

"Hujambo, Ikupa?" kikasema kidani chumbani.

"Sijambo."

Kikafunga. Akasikia kile kilio kidogo cha kuzimika.

Na baada ya hapo, katika ukimya, akasikia kitu kingine. Filimbi. Ndogo sana, ya mbali, kama mtu anapuliza kwenye bua upande wa pili wa bonde. Inaweza kuwa kifua. Inaweza kuwa mlango wa jirani. Kibao kilikuwa mezani, hatua chache tu, na mstari ule mfupi aliujua kwa moyo. Angeweza kuuandika kabla mtoto hajafunga viatu. Mkono uliachia komeo. Ukaenda hadi juu ya meza. Ukakaa pale.

Ikupa akatoka chumbani amevaa sare. Akauona mkono ulipo.

Subilaga akaurudisha mkono, akaufuta kwenye koti ijapokuwa haukuwa na maji.

"Kifua kinasemaje?" akauliza.

Ikupa akasimama, kichwa upande, kama anayesikiliza mtu anaongea ndani. Huko nje gari la wachuma chai likapiga honi.

"Kinabana," akasema. "Kidogo. Si cha kuita watu."

"Dawa?"

"Bado. Nitasema."

"Nikae?"

Honi ikapigwa tena, ndefu, ya dereva aliyekasirika. Ikupa akatazama dirishani, akamtazama mama yake, kapu, buti, koti lililofungwa hadi shingoni. Subilaga aliona kabisa lile jibu zuri linapanda kwenye uso wa mtoto, jibu la adabu, la kumpa mama ruhusa ya kwenda. Akalingoja. Hakumsaidia.

"Kaa," Ikupa akasema.

Subilaga akashusha kapu. Akavuta kiti, akakaa na buti zake, matope yanadondoka sakafuni, wakasikiliza gari linavyoondoka bila yeye. Kesho angefanyaje hakujua, wala kesho kutwa. Ikupa akavuta kiti kingine, akakisogeza karibu, wakaanza kukisikiliza kile kifua wote wawili.